Jinsi ya kumtambua nondo wa kabichi mwenye almasi mgongoni

Wakulima wenzangu habari zenu, toka Kapchorwa mpaka Kabale. Msimu uliopita hapa Busia nilipiga dawa ileile mara tatu kwenye sukuma na viwavi wakaendelea kutafuna tu, kumbe nilikuwa napigana na mdudu nisiyemjua, kwa hiyo leo naomba tumwangalie vizuri. Kisayansi anaitwa Plutella xylostella.

Kwanza ingia shambani jioni, pitisha mkono polepole juu ya majani. Vitaruka vidudu vya kijivu, haviendi mbali, vinatua tena.

Pili, mfunike mmoja na glasi au chupa safi. Usimshike mabawa jamani, ule unga ni magamba yake, ukiufuta umefuta alama zote.

Tatu, mwache atulie, hapa ndo penyewe. Ni mwembamba, urefu kama punje ya mchele, kijivu cha kahawia. Akikunja mabawa, zile kingo za rangi ya krimu zenye mawimbi zinakutana mgongoni na kuchora almasi (maumbo ya pembe nne yenye ncha) tatu hivi zimefuatana, akiyafungua almasi hamna tena maana kila bawa limebeba nusu tu! Ncha za mabawa huku nyuma zimeinuka kidogo, vipapasio vya kichwani vimenyooka mbele. Dume alama zake zimekolea kuliko za jike.

Nne, geuza jani. Kiwavi ni kijani, amechongoka ncha zote mbili. Mguse na kijiti: anajinyonganyonga kurudi nyuma, halafu anajiachia ananing'inia kwa uzi.

MASWALI

– Mwalimu, hawa wa kwenye gunia la mahindi ndo haohao?
Hapana dada, wale wana rangi ya nyasi kavu na almasi hawana. Huyu anakula jamii ya kabichi tu: sukuma, koliflawa, haradali.

– Kaka mbona dawa haimuui?
Anazaa haraka, kwenye joto kizazi kinakamilika kwa wiki tatu hivi au pungufu, wanaopona wanazaa wagumu kama wao. Mwaka 1953 kule Java alishaonekana anastahimili DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu. Badilisha kundi la dawa, si jina la chupa, maana chupa mbili majina tofauti unaweza kukuta ndani ni kitu kimoja. Muulize afisa kilimo wa sabukaunti yako akusomee lebo.

– Mimi nondo sioni, ila majani yana vidirisha vyeupe.
Ni yeye mama. Kiwavi mdogo anakula kutoka chini anabakiza ngozi ya juu. Piga dawa chini ya jani, usinyunyize juu tu.