Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Alenki za Kutengenezea Baiskeli Nyumbani

Anayetaka kuanza kuitengeneza baiskeli yake mwenyewe aghalabu huchagua alenki, yaani funguo za pembe sita zinazoingia katika tundu la kichwa cha bolti, kwa kutazama idadi ya vipande na bei ya seti, ilhali mambo hayo mawili hayamwelezi lolote kuhusu kazi inayomsubiri. Alenki ikilika, hasara ni ya kipande kimoja. Tundu la bolti likilika hadi kuwa duara, italazimu kuichimba bolti kwa drili, na pengine kuharibu sehemu ambayo bolti hiyo ilikuwa imeishika. Kwa sababu hiyo, maandalizi yote ya ununuzi yafanywe kwa nia ya kuilinda bolti kwanza, na alenki baadaye.

Kabla ya kwenda dukani, ikague baiskeli uliyonayo. Baiskeli nyingi za miongo ya karibuni, zikiwamo za mitumba, hutumia zaidi saizi za milimita 4, 5 na 6: bolti za kishikio cha chupa ya maji kwa kawaida ni za 4, bolti inayofunga mashine ya gia ya nyuma kwenye fremu huwa ya 5, na usukani wa mtindo wa zamani, ule unaozama ndani ya bomba la uma, mara nyingi hukazwa kwa 6. Pedali zenye tundu upande wa ndani wa mhimili huhitaji 6 au 8, na bolti za krenki, yaani mikono inayobeba pedali, mara nyingi ni za 8. Skrubu ndogo za kurekebishia breki na gia hutaka 2, 2.5 au 3. Mahitaji hayo yote yanatoshelezwa na seti ya kawaida ya vipande 9, kuanzia 1.5 hadi 10. Bolti za diski ya breki ni jambo jingine, kwa kuwa nyingi zina tundu la nyota ya ncha sita linaloandikwa T25, na alenki haifai humo hata ikionekana kuingia.

Seti kubwa za vipande 25 au 30 huvutia macho, lakini karibu nusu ya vipande vyake huwa ni vya inchi. Kwa mwenye baiskeli ya vipimo vya milimita, hiyo si fedha iliyopotea tu, bali ni hatari, kwa sababu alenki ya inchi 3/16 ina upana wa milimita 4.76 na huingia vizuri katika tundu la milimita 5, kisha inateleza na kulila pembe zake mara tu nguvu inapoongezwa. Ikiwa duka lina seti mchanganyiko pekee, vitenge vipande vya inchi siku hiyohiyo na uvihifadhi mbali na meza ya kazi.

Usahihi wa kipimo ndio ninaoupa uzito kuliko sifa nyingine yoyote. Alenki nzuri ya milimita 5, ikipimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kutoka bapa hadi bapa, husoma kati ya 4.95 na 5.00, nalo tundu lililotengenezwa kwa kiwango huanzia 5.02. Asiye na kalipa achukue bolti mpya ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6, yenye kichwa kirefu cha kando zilizonyooka, ambayo tundu lake ni la 5, na aijaribu papo hapo dukani. Asichukue ile yenye kichwa cha kuba, kwa maana tundu la hiyo ni la 4. Alenki iingie bila kulazimishwa, na ikizungushwa kwa vidole icheze kidogo sana. Itazame pia ncha: iwe imekatwa sawasawa na pembe zake zionekane wazi, bila vijinundu vya rangi wala vya kromu.

Kuhusu chuma, maandishi yanayoonekana zaidi ni Cr-V, yaani chuma chenye kromu na vanadi, na S2, ambacho kwa kawaida hufanywa kigumu zaidi. Bahati mbaya, mhuri haugharimu kitu, na yeyote anaweza kuupiga. Ukishanunua, pitisha tupa kwa wepesi kwenye mkono wa alenki, mbali na ncha: chuma kilichotiwa ugumu ipasavyo huifanya tupa iteleze, ilhali chuma laini hukwanguka. Alenki zinazofungashwa na samani za kuunganisha nyumbani zimekusudiwa kazi hiyo moja, na hazistahili kukaribia krenki.

Kwa upande wa bei, Bondhus ya Marekani, Wera na Wiha za Ujerumani, na PB Swiss Tools ya Uswisi zina sifa njema, ila kwa fundi wa kujifurahisha seti kamili ya baadhi yake ni gharama kubwa. Chapa kama Ingco na Total, zinazopatikana katika maduka mengi ya vifaa Tanzania na Kenya, zinaweza kutosha kwa saizi zisizotumika mara kwa mara, mradi zipite majaribio yaliyotajwa. Maoni yangu ni kwamba inafaa kununua seti ya bei ya wastani, kisha kuongeza alenki mojamoja za daraja la juu za 4 na 5, kwa kuwa ndizo zitakazofanya sehemu kubwa ya kazi.

Ncha yenye umbo la mpira, iliyotokana na Bondhus mwaka 1964, huruhusu kuzungusha bolti kwa mshazari wa takriban nyuzi 25. Ni msaada mkubwa penye nafasi finyu, lakini shingo yake ni nyembamba na inagusa tundu kwa eneo dogo. Basi itumike kuzungusha bolti iliyokwisha kulegea, na kazi ya kulegeza au kukaza mwisho ifanywe kwa ncha bapa, yaani ile ya kawaida iliyokatwa sawasawa. Hakikisha kwamba angalau mkono mmoja wa kila alenki una ncha bapa. Ncha hiyo ikilika, unaweza kuisaga milimita chache kwa jiwe la kunolea, ukiichovya majini mara kwa mara ili joto lisiuondoe ugumu, na ukapata pembe mpya bila kununua kitu.

Wakazi wa pwani wazingatie kutu. Alenki nyeusi hutaka kupanguswa kwa kitambaa chenye oili kila baada ya kazi. Zilizopakwa kromu huvumilia zaidi, ila kromu ikianza kubanduka, kipande hicho kiondolewe, kwa sababu magamba yake hukaa ndani ya tundu na kuizuia alenki kuzama hadi chini. Mwisho, tunza risiti, na kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita, ingiza kila alenki katika bolti yake kwenye baiskeli, baada ya kuchokoa udongo uliomo kwa msumari mwembamba.