Kupanda na kushuka kwa midomo: sla kwa wapiga koneti, tena honi na besi

Ukikwama kupanda kutoka so hadi do ya kati, shida mara nyingi haiko kwenye do. Iko kwenye so uliyokuwa umeishikilia. Hili ndilo jambo ninalolirudia zaidi kwa vijana wa bendi yetu hapa Kisumu, na najua wamelichoka, lakini kila Jumamosi kuna mtu anayeinua koneti, ile tarumbeta fupi, anapiga so nzuri, anaiacha ianze kufa, kisha anakaza shingo ili aruke. Haruki. Inatoka hewa tupu, au noti inapasuka. Tazama wale wa baiskeli wanaopanda Riat kutoka Mamboleo na mizigo nyuma: anayengoja kilima kianze ndipo akanyage kwa nguvu atashuka asukume. Anayefika juu ni yule aliyeongeza mwendo akiwa bado kwenye tambarare.

Basi kabla ya kubadilisha chochote mdomoni, noti ya chini ikue kidogo. Ongeza pumzi kwenye so, na pumzi hiyohiyo ikiwa bado inaongezeka, upite. Ukilishika hili peke yake, nusu ya kazi imeisha.

Kwa wageni: sla ya midomo ni kupita kutoka noti moja hadi nyingine bila kugusa ulimi mara ya pili, na bila kubadilisha valvu (vile vitufe vya kubonyeza), au slaidi (bomba la kuvuta na kusukuma) kwa watu wa tromboni. Inawezekana kwa sababu bomba la urefu mmoja halina noti moja tu ndani yake. Koneti ya B flati, bila kubonyeza valvu yoyote, hutoa do ya chini midomo ikitikisika mara 233 hivi kwa sekunde. Ikitikisika 350 unapata so. Ikifika 466 unapata do ya kati. Katikati ya hizo bomba halikubali kitu, ndiyo maana sauti haipandi kwa kuteleza taratibu bali hudaka ghafla. Waliopiga bigula kwenye skauti wanaijua hali hii tayari, maana bigula haina valvu na miito yake yote imejengwa kwa so, do na mi hizihizi.

Natumia majina ya solfa kwa kuwa wengi wetu tuliingia bendi tukitokea kwaya. Do ya chini ni ile yenye kamstari kake chini ya mistari mitano. So iko mstari wa pili, do ya kati nafasi ya tatu, mi nafasi ya nne, so ya juu inakalia mstari wa tano, na do ya juu ina vimstari viwili juu ya mistari hiyo mitano. Bendi za mtindo wa Jeshi la Wokovu, ambazo huku magharibi ndizo zimefundisha watu wengi kuliko shule yoyote, huandika koneti, tena honi, baritoni, yufoniamu na besi kwa ufunguo mmoja wa trebo, na vidole ni vilevile. Kwa hiyo zoezi la koneti mtu wa besi analisoma bila kugeuza chochote. Ila msilipige wote kwa pamoja: so ya karatasi kwenye koneti ya B flati na so ya karatasi kwenye tena honi ya E flati si sauti moja, na majirani watadhani mnagombana.

Mluzi kwanza, koneti baadaye

Weka ala chini. Piga mluzi, sauti ya chini kabisa unayoiweza, kisha uipandishe polepole hadi juu. Sikiliza kinachosogea. Midomo karibu haifanyi kitu. Ni ulimi unaoinuka katikati na kusogea mbele. Kazi hiyohiyo ndiyo utakayoifanya kwenye koneti. Chini ulimi umelala kama unatamka "a" ya baba au "o" ya moto. Juu umeinuka kama "i" ya kiti. Njia ya hewa inakuwa nyembamba na hewa inakimbia zaidi. (Wapo ambao bibi zao waliwakataza mluzi usiku kwa sababu ya nyoka. Fanyeni mchana.)

Asiyeweza mluzi aweke kiganja mbele ya mdomo apulize "hoo", kisha "hii". Ya kwanza ni hewa ya moto na pana, ya pili baridi na ya haraka. Unataka kuhama kutoka ya kwanza hadi ya pili bila hewa kukatika hata kidogo.

Halafu chukua mauthipisi peke yake, kile kikombe cha chuma cha kupulizia. Pigisha midomo ndani yake na upandishe sauti kutoka so hadi do, urudi, kwa kuteleza, bila ngazi na bila shimo katikati. Hapa bomba halikusaidii wala halikufichi. Kama sauti inakatika mahali fulani kwenye mauthipisi, ni palepale itakapokatika kwenye koneti. Dakika mbili zinatosha. Ukizidisha unachoka kabla ya kuanza.

Daraja la valvu

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili, na wanaolipuuza nawajua kwa sauti zao. Piga so, la, ti, do kwa valvu, zote kwa pumzi moja, ulimi uguse mwanzo tu. Rudi chini kwa njia ileile. Hiyo ni rahisi, hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza, kwa sababu vidole vinafanya kazi ya kuvuka. Angalia tumbo na pumzi vilivyofanya: hewa haikusimama. Sasa, bila kushusha koneti, piga so na do peke yake, bila valvu, kwa pumzi ileile kabisa uliyotumia kwa zile nne. Usifikirie umbali. Ikikataa, rudi kwenye zile nne, kisha jaribu tena.

Watu wa tromboni hawana daraja hili sawasawa, kwani slaidi yao ikitembea bila ulimi inalia njia nzima. Wao watumie "d" laini kwenye kila noti ya daraja, kisha waiondoe kwenye sla yenyewe.

Mpangilio wangu wa wiki za mwanzo uko hivi. Anza kwa kushuka, usianze kwa kupanda. So hadi do ya chini, na kurudi. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 60 kwa dakika, noti mbili-mbili kila mapigo manne, polepole hadi ikuchoshe. Kushuka nako kuna mtego wake: watu huachia kila kitu, taya linaanguka, pembe za midomo zinafunguka, na noti ya chini inatoka kama mtu aliyekaa vibaya kwenye kiti. Taya lishuke kidogo, ndiyo, lakini pembe zibaki imara, na hewa iendelee kuwa nyingi. Noti za chini zinakula hewa kuliko za juu.

Kisha piga hizohizo ukishuka nusu toni kila mara: bila valvu, halafu ya 2, ya 1, ya 1 na 2 pamoja, ya 2 na 3, ya 1 na 3, na mwisho zote tatu. Hizo ni njia saba, sawa na nafasi saba za tromboni. Kila unavyoshuka bomba linakuwa refu na upinzani unabadilika. Zote tatu zikibonyezwa koneti inakuwa nzito, na sauti yenyewe inakaa juu kidogo ya inavyotakiwa, hivyo sukuma nje slaidi ya valvu ya tatu kama ya kwako bado inasogea. Nyingi za kurithi hazisogei. Mafuta na subira, usitumie koleo.

Hiyo ikikaa, ndipo so hadi do ya kati kwa njia zote saba. Baadaye do hadi mi. Baadaye mi hadi so ya juu. Utaona jambo la ajabu: kadiri unavyopanda hatua zinakuwa ndogo. Do ya chini hadi so ni mruko mpana. Mi hadi so ya juu ni mdogo. Kwa hiyo juu si suala la nguvu, ni suala la kulenga. Na mi hiyo kwa asili ya bomba inakaa chini kidogo, usishangae kinanda kikikukatalia. Juu ya so hiyo bomba lina noti moja zaidi ambayo haipo kwenye skeli yetu, iko chini ya ti flati ya kawaida, na wengi wakitafuta do ya juu wanaangukia humo. Ukisikia sauti ya kigeni, ndiyo hiyo. Ulimi haujafika mahali pake, ongeza "i" kidogo.

Mambo ninayoyakamata kwa macho

Mkono wa kulia. Kile kidole cha mwisho kinachoingia kwenye kulabu juu ya koneti kitoke nje wakati wa mazoezi haya, kikae juu tu. Kulabu hiyo ni ya kushikia ala unapofungua ukurasa. Ukiivuta unagandamiza midomo kwenye meno, damu haipiti, na midomo isiyo na damu haitikisiki. Ukimaliza na kuna alama nyekundu ya duara inayokaa muda mrefu, ulikuwa unavuta.

Tabasamu. Kunyoosha midomo pembeni ili kupanda kunaifanya iwe myembamba, na noti inapanda kweli, mara chache za kwanza. Baada ya nyimbo tatu hakuna kitu. Weka simu kwenye kiti mbele yako ujirekodi video, uangalie mashavu na pembe za mdomo huku sauti imezimwa. Kisha sikiliza bila kutazama: kati ya noti mbili kuna "h" iliyotoka kooni? Hiyo si sla, ni kikohozi cha adabu. Pia wapo wanaobonyeza valvu nusu ili kuficha mpasuko. Bendimasta anasikia.

Kichwa. Kikipanda pamoja na noti, kitie ukutani. Simama kisogo na mgongo vikigusa ukuta upige hivyo.

Na miwa. Tunaishi kwenye nchi ya sukari, kutoka Muhoroni hadi Mumias, na sijui kwa nini vijana hupenda kutafuna muwa nje ya ukumbi muda mfupi kabla ya mazoezi. Taya linachoka, maganda yanakata mdomo kwa ndani, na utamu unashuka hadi kwenye valvu ambazo wiki ijayo tunazifungua kwa maji moto. Suuza kinywa kwanza. Jelly ya midomo nayo ifute kabla ya kupiga, maana mauthipisi inateleza. Na umwage maji: sauti ya kububujika ndani ya bomba inakata sla kabla wewe hujakosea lolote.

Muda, baridi na mazishi

Dakika kumi hadi kumi na tano kila siku, asubuhi midomo ikiwa mipya, ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi. Pumzika kwa muda sawa na ule uliopiga; tukiwa wawili, mmoja anapiga mwingine anahesabu, mnabadilishana. Wanaoishi chumba kimoja Nyalenda au Manyatta huniambia, "Mwalimu, landilodi atanifukuza." Piga kuelekea kwenye nguo zilizotundikwa, na upige kwa sauti ndogo, sla ya sauti ndogo ndiyo ngumu, kwa hiyo hujapoteza kitu. Myuti ya mazoezi, kile kizibo cha kupunguza sauti, siipendekezi kwa kazi hii, inaongeza upinzani na unajifunza kusukuma kitu ambacho siku ya ibada hakipo.

Tukisafiri kwenda Nakuru kwa mkutano, saa moja asubuhi bendi nzima inasikika chini. Huko ni karibu mita 1,850 juu ya bahari, sisi tumezoea 1,130 na joto la ziwa. Bomba baridi hutoa sauti ya chini. Mchezaji asiyejua anakaza midomo ili kuivuta juu, na siku yake ya sla imekwisha hapo. Puliza hewa ya moto ndani ya ala bila kutoa sauti, bonyeza valvu zote kwa zamu hewa ipite kila bomba, kisha sukuma slaidi ya kurekebisha ndani kidogo ikihitajika. Midomo iachwe kwenye kazi yake.

Mazishi ndiyo mtihani wetu mkubwa, na mengi huangukia Jumamosi. Unapiga ukitembea, barabara ina mawe, jua kali, na kila hatua mauthipisi inakugonga. Siku hiyo usifanye sla za juu asubuhi. So na do ya chini tu, dakika tano, basi. Gawaneni beti: koneti za kwanza zikipiga ubeti huu, za pili ziuchukue unaofuata, besi na ngoma zibebe zote. Ukisikia noti za katikati zimeanza kutoka na hewa, shuka oktava moja upige sehemu hiyo chini, waombolezaji hawatajua. Midomo ikivimba au ikiuma, siku inayofuata usiguse ala kabisa, na ukirudi anza na mauthipisi peke yake, halafu so kushuka do.