Ukuta nusu: ubaki au ubomolewe? Kagua haya kabla hujashika nyundo

Swali hili linarudi kila mara: "Nina ukuta nusu barazani, niutoe au niuache?" Mtu anatuma picha moja, watu wanapiga kura. Ukuta hauamuliwi kwa kura. Naandika hatua zote mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nazungumzia nyumba za tofali za saruji, ambazo zipo nyingi kwetu Mtwara na Lindi, na ukuta usiozidi mita moja kwenda juu, uwe barazani au kati ya sebule na sehemu ya kulia chakula.

Hatua ya 1. Pima urefu, kimo na unene. Andika.

Hatua ya 2. Jua ukuta unafanya kazi gani. Wa ndani mara nyingi unagawa chumba tu. Wa barazani unazuia mbuzi na kuku, unakalika, na unakata mvua inayorushwa na upepo. Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya miezi hiyo inavuma kaskazi. Baraza inayotazama kaskazini au mashariki ikivuliwa ukuta, maji yatafika mlangoni. Anayelaza magunia ya korosho barazani afikirie mara mbili.

Hatua ya 3. Angalia kilichosimama juu yake. Hapa soma polepole.

Baraza nyingi zina nguzo zinazobeba bimu ya paa, na kwa macho nguzo hizo zinachomoza kutoka kwenye ukuta nusu. Zipo za aina mbili, na zikishapigwa plasta na rangi hazitofautiani. Ya kwanza imeanzia kwenye msingi, tofali zikajengwa ubavuni mwake. Ukuta ukitoka, nguzo inabaki. Ya pili ilimwagwa juu ya tofali, hasa zile za duara zilizomwagwa ndani ya bomba. Hapo ukuta ndio mguu wa nguzo. Ukiutoa, bimu inashuka, kenchi zinafuata, na aliye chini yake ni fundi wako.

Namna ya kujua: bandua plasta sehemu mbili, usawa wa nguzo, upana wa kiganja. Moja iwe sentimita 15 chini ya kichwa cha ukuta, nyingine juu kidogo ya sakafu. Ukikuta zege zima lenye alama za mbao za fomu (zile za kumwagia zege), bila jointi, nguzo inashuka mpaka msingini. Ukikuta tofali au mstari wa mota (hukaa kila baada ya sentimita 24 hivi), imesimama juu ya tofali. Tundu la juu peke yake linadanganya, kwa sababu wapo mafundi wanaomwaga nguzo ndani ya kozi (mistari ya tofali) moja au mbili za juu kisha wanaishia hapo. Toboa yote mawili, kwa kila nguzo.

Onyo jingine: usikubali maneno ya "paa la bati ni jepesi, hiyo nguzo ni urembo." Ni kweli bati ni jepesi, na ndiyo maana upepo wa pwani unalinyanyua. Nondo za nguzo zilizozama ukutani zinalishika paa lisiruke. Ukuta wa mita 3 kwa mita 1, tofali za inchi 6 na plasta pande mbili, una uzito wa kama tani moja. Ukiutoa, umeondoa nanga.

Nguzo ikiwa juu ya tofali, njia ni mbili. Acha ukuta. Au mwaga kwanza nguzo mpya chini ya bimu hiyohiyo: shimo la sentimita 60 kwa 60, kina mpaka ardhi ngumu na lisipungue sentimita 60, nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na nondo za juu zifungwe na za bimu. Bimu ishikiliwe kwa mirunda na kabari muda wote, na ukuta usiguswe kabla ya siku 28. Kama juu ni slabu ya zege, simamisha kila kitu uite injinia.

Hatua ya 4. Umeme na maji. Zima meinswichi. Mabomba ya waya kawaida hupita wima juu au chini ya soketi. Palipo na sinki, funga koki.

Hatua ya 5. Sakafu. Ukuta ukitoka unaacha mstari wa sentimita 20 usio na tailizi, na mara nyingi sakafu ya upande mmoja iko juu kuliko ya pili. Weka rula ndefu na pimamaji pande zote mbili kabla ya kuamua. Tailizi za rangi ileile kutoka boksi jingine hazifanani. Ni bora uweke mstari wa rangi tofauti kwa makusudi kuliko kutafuta zinazokaribiana.

Hatua ya 6. Kama ukuta unabaki, simama kwenye ncha isiyoshikana na kitu, sukuma kwa viganja viwili. Ukitikisika, utaangukia mtoto siku moja. Jenga nguzo fupi ya zege kwenye ncha, nondo zake zianzie msingini, kisha funika kichwa cha ukuta kwa zege la sentimita 10 lenye nondo mbili za milimita 10.

Hatua ya 7. Kama ukuta unatoka, anza kwa grenda: kata wima pale unapokutana na ukuta mkubwa, maana tofali zimeng'atana. Kisha teremka kozi kwa kozi, kwa tindo na nyundo ya kilo 2. Nyundo kubwa ikipigwa ubavuni inapasua ukuta mkubwa. Shuka sentimita 5 chini ya sakafu, jaza zege. Kwa ukuta wa mita 3 kwa mita 1 tegemea tofali kama 26, kifusi toroli 15 hivi. Nusu mfuko wa saruji unatosha kuziba.

MASWALI

Mdau wa Ligula: Mkuu, wangu una nguzo mbili. Natoa?

Matundu manne yameonyesha nini?

Mdau wa Ligula: Sijatoboa. Fundi kasema hakuna shida.

Fundi haoni ndani ya plasta. Toboa, ndipo urudi.

Mdau wa Mikindani: Shikamoo. Nyumba yetu ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta nusu ni mnene kuliko mkono wangu. Hatua zilezile?

Marahaba, na asante kwa kuuliza kabla. Hapana, hapo usifuate hatua ya 7. Kwenye nyumba za mawe, ukuta mfupi mnene unaweza kuwa unauegemeza ukuta mkubwa usilale. Angalia kama ukuta mkubwa umepinda: shusha timazi kutoka juu, pima umbali wa kamba juu, katikati na chini. Ukiona tofauti, usiguse. Pia usizibe kwa saruji. Inafungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, na jiwe linamomonyoka. Tumia chokaa na mchanga. Na kwa kuwa ni mji mkongwe, pita ofisi ya manispaa kwanza.

Mdau wa Kilwa Masoko: Mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, maji yalijaa barazani kama beseni yakaingia ndani. Nibomoe?

Kosa si la ukuta, ni kukosa njia ya maji. Toboa usawa wa sakafu, weka vipande vya bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu, sakafu iinamie nje sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Vipande vichomoze nje sentimita 5 ili maji yasilambe plasta.

Mdau wa Lindi mjini: Kubomoa shilingi ngapi?

Hatua ya 1 hujafanya.

Mdau wa Newala: Nyumba ya mama ni ya miti na udongo, ina kibaraza cha udongo kuzunguka ukuta. Kinakula nafasi, nataka kukitoa.

Kiache. Kinakinga miguu ya miti na matone yanayoruka kutoka kwenye paa. Kikitoka, mvua za msimu mmoja zinaweza kuufikia ukuta wenyewe. Kila kiangazi kikandike upya, na ukague njia za mchwa.

Mdau wa Chikongola: Siwezi kuupunguza tu badala ya kuutoa wote?

Swali zuri, na mara nyingi ndilo jibu. Acha kozi mbili: karibu sentimita 49, kimo cha kukalia, upepo unapita na kuku bado wanazuiwa. Masharti ya nguzo ni yaleyale. Juu lainisha kwa mota ya 1:4 (saruji kwa mchanga), kingo uzifanye duara.

Mdau wa Chikongola: Shukrani. Wangu unavimba chini na kutoa unga mweupe.

Hiyo ni chumvi. Ama mchanga ulikuwa wa ufukweni, ama maji yanapanda kutoka ardhini. Rangi haitibu. Bandua plasta mpaka sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, piga brashi kavu, uache ukauke Juni mpaka Agosti, kisha piga plasta kwa mchanga wa mtoni. Na zege lenye nondo usilichanganye na mchanga wa bahari kabisa: nondo zinakula kutu, zinavimba, zege linapasuka.