Kabla ya kuanza uzamili wa uhandisi wa programu

Wengi wanaoomba nafasi ya uzamili huu hudhani watakwenda kufundishwa lugha mpya za kompyuta. Lugha utajifundisha mwenyewe usiku. Darasani utaulizwa mengine: mfumo huu ulijengwa hivi kwa nini, nani aliuhitaji, na una ushahidi gani kwamba unafanya kazi. Kwa hiyo anza kwa kusoma msimbo wa wengine.

Tafuta mradi mkubwa wa programu huria, wenye mamia ya mafaili. Upakue, uendeshe majaribio yake, kisha chukua hitilafu moja ndogo iliyoripotiwa uifuatilie mpaka kwenye mstari unaoisababisha. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza, siku mbili ziliisha mradi haujakubali hata kuwaka. Marekebisho yenyewe yalikuja kuwa alama moja tu: palipoandikwa "ndogo kuliko" nikaweka "ndogo au sawa". Papo hapo majaribio matatu ya sehemu nyingine kabisa yakafeli. Mawili kati ya hayo yalikuwa yameandikwa kwa kuitegemea hitilafu ile ile! Hata msimbo unaofanya kazi mahali pamoja unaweza kuharibu pengine: mwaka 1996 roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ililipuka haijamaliza hata dakika moja angani, kwa sababu namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Msimbo huo ulirithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyotangulia, na kule haukuwahi kuleta shida.

Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, uijue zaidi ya kusukuma na kuvuta mabadiliko. Jifunze amri ya bisect: mahali fulani kati ya mabadiliko 1,000 mtu ameharibu kitu, nawe kwa kugawa nusu kwa nusu unamfikia kwa hatua kama 10.

Takwimu ndizo hupuuzwa kuliko vyote. Tasnifu nyingi hulinganisha njia mbili za kufanya kazi ile ile, na msimamizi hatakosa kuuliza kama tofauti uliyoipata si bahati tu. Fufua mapema somo la uwezekano, pamoja na mazoea ya kuandika aya zinazoeleweka. Wahandisi wengi tunaandika vibaya, tena tunajivunia.

Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 inatosha kwa kazi nyingi.

Muda ni hesabu ya kufanya kabla ya kulipa ada, hasa kama umeajiriwa. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima masomo kwa krediti, mwaka kamili ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Hizo ni saa 1,500 kwa uchache. Ukizigawa kwa wiki 52 bila likizo hata moja, unapata takriban saa 29 kila wiki, juu ya ajira yako. Vyuo vingi huruhusu kusoma nusu muda. Usione haya kuuchagua.

Mwisho, uliza kama kozi ya uzamili ni ya masomo tu au ina tasnifu. Kama ina tasnifu, watafute wanafunzi wawili watatu waliosimamiwa na mwalimu unayemtaka. Usiwaulize kama ni mwema. Waulize sura waliyompelekea ilirudi baada ya siku ngapi, na ilirudi na maoni gani pembeni.