Somo: Kuunganisha simu na kompyuta ya Linux bila kula bando

Chukulia karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Tandahimba ana picha mia mbili za stakabadhi za korosho kwenye simu. Akizirusha kwa WhatsApp ili azifungue kwenye kompyuta, picha zinabanwa, tarakimu ndogo za kilo hazisomeki, na bando linaliwa mara mbili: kupandisha, kisha kushusha. Hakuna haja. Programu iitwayo KDE Connect inapitisha faili moja kwa moja kati ya simu na kompyuta, na hotspoti ya simu inatosha. Somo ni la Android pamoja na Ubuntu, Debian au Mint.

1. Sakinisha, ukiandika amri hizi kwenye terminal. Hapa tu ndipo unahitaji intaneti.

sudo apt update
sudo apt install kdeconnect sshfs rsync

Usiache sshfs, bila hiyo hutaziona folda za simu. Kwenye simu, chukua KDE Connect Play Store au F-Droid. Kama kompyuta yako ina GSConnect ya GNOME, ambayo inafanya kazi ileile ya KDE Connect, chagua moja. Zikiwaka zote mbili zinagombea milango ileile ya mtandao, na simu inaonekana na kupotea.

2. Zima data, washa hotspoti. Hotspoti inafanya kazi hata data ikiwa imezimwa. Ukiiacha data imewashwa, kompyuta ikiona mtandao inaanza kushusha masasisho kimyakimya, halafu lawama zote anabebeshwa KDE Connect. Sasa unganisha kompyuta kwenye hotspoti hiyo.

3. Fungua milango, kama umewasha ufw (kinga ya mtandao ya kompyuta):

sudo ufw allow 1714:1764/tcp
sudo ufw allow 1714:1764/udp

Wengi wanafungua tcp peke yake. Vifaa hutafutana kwa udp, kwa hiyo orodha inabaki tupu.

4. Oanisha. Fungua programu kwenye simu, kisha kwenye kompyuta andika:

kdeconnect-cli -l

Simu ikitoa hotspoti, mara nyingi haijitokezi yenyewe. Andika hostname -I upate IP (anwani ya mtandao) ya kompyuta, kisha kwenye simu nenda menyu ya nukta tatu, chagua kuongeza kifaa kwa IP, uiingize. Omba kuoanisha, linganisha namba ya uhakiki pande zote mbili, kubali upesi kabla ombi halijaisha muda.

5. Hamisha picha. Kwenye simu, ipe programu ruhusa ya kufikia faili. Halafu, ukiweka kitambulisho kilichotokea hatua ya 4:

kdeconnect-cli -d KITAMBULISHO --mount
kdeconnect-cli -d KITAMBULISHO --get-mount-point

Amri ya pili inakupa njia. Ifuate mpaka DCIM/Camera, kisha nakili kwa rsync, ukiiweka njia hiyo palipoandikwa NJIA:

rsync -rtv --ignore-existing "NJIA/DCIM/Camera/" ~/stakabadhi/

Mkwaju (/) wa mwisho baada ya Camera una kazi: ukiusahau, rsync inaunda folda nyingine ya Camera ndani ya stakabadhi. Muunganisho ukikatika katikati, rudia amri ileile. Zilizokwisha kufika zinarukwa.

Tahadhari kubwa: usiongeze --delete. Siku utakayofuta picha kwenye simu kupata nafasi, nakala za kwenye kompyuta nazo zitafutwa.

Maswali ya wanachama

*Masasi:* Mkuu, vinaungana vizuri, ila skrini ya simu ikizima tu inakata. Simu ni Tecno.

Jibu: Simu inaua programu ili kutunza betri. Ingia mipangilio ya programu, KDE Connect, betri, uiondolee kizuizi. Pia ifunge kwa alama ya kufuli kwenye orodha ya programu za karibuni, kama simu yako inayo.

*Lindi mjini:* Natumia waya, simu inachaji tu, kompyuta haioni kitu.

Jibu: Andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kabla na baada ya kuchomeka. Orodha isipobadilika, mara nyingi shida ni waya: nyingi za bei chee hazina nyaya za data ndani. Ikibadilika, fungua kufuli ya skrini, gusa arifa ya USB, chagua kuhamisha faili. Simu iliyofungwa inaonyesha folda tupu.

*Nachingwea:* Nikinakili maandishi kwenye kompyuta yanafika kwenye simu, ila kutoka kwenye simu hayaji.

Jibu: Hiyo si hitilafu, kaka. Tangu Android 10, programu iliyo nyuma hairuhusiwi kusoma ulichonakili. Nakili, kisha gusa kitufe cha kutuma kilichopo kwenye arifa ya KDE Connect.

*Kilwa Masoko:* Kompyuta ya ofisi tunaitumia watu watatu. Kuna hatari?

Jibu: Ipo. Arifa za simu zinatokea kwenye skrini, pamoja na meseji za M-Pesa na namba za siri za mara moja za benki. Kwenye programu ya simu, gusa jina la kompyuta, ingia mipangilio ya viongezi, zima arifa, SMS na uingizaji wa mbali. Acha kutuma faili peke yake. Ufikiaji wa folda uwashe wakati wa kuhamisha tu, maana ukiwa wazi yeyote aliyekaa kwenye kiti anafungua picha zako zote. Na kila mmoja awe na akaunti yake ya Linux, kwa sababu kuoanisha kunahifadhiwa ndani ya akaunti ya mtumiaji.