Kwenye tambarare, kilima ni upepo

Ukizunguka kwa baiskeli kwenye nchi tambarare ya bustani na maeneo oevu, usidhani kukosa vilima ni mteremko mtupu. Upepo ndio kilima chenyewe, na hauna kilele. Anza safari ukiukabili ungali na nguvu, ili wakati wa kurudi ukusukume mgongoni. Toka alfajiri kabla haujachachamaa. Na ndege wa majini utawakuta bado wanajitafutia chakula.

Kabla ya kuingia njia za udongo kando ya mifereji, punguza upepo wa tairi (huo mwingine sasa!). Tairi lililojaa ndi huteleza kwenye majani yenye umande. Libonyeze kwa kidole gumba: libonyee kidogo tu, maana likilegea mno rimu itabana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa.

Tope likijaa kwenye madigadi, shuka ulitoe kwa kijiti. Mimi nililazimisha kukanyaga, mnyororo ukakatika, nikasukuma baiskeli hadi giza likaingia.

Halafu ukiegesha, weka jiwe bapa chini ya stendi. Ardhi ile huimeza taratibu, unageuka baiskeli imelala mferejini.