Kwa baiskeli hadi Bustani ya Mimea

Jumapili toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla bodaboda hazijaamka. Anzia Coco Beach, Dar es Salaam, vuka Daraja la Tanzanite, fuata barabara ya ufukweni hadi Bustani ya Mimea pale Samora, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ndani shuka, ikokote baiskeli; kivuli kile si cha kupitwa mbio. Miezi ya kusi upepo utakupiga usoni ukienda mjini, ila kurudi unasukumwa utadhani una injini. Ukifika nyumbani, shughulikia mnyororo: ufute kwa kitambaa chenye maji ya bomba, ukaushe, utie oili kidogo. Wangu niliuacha wiki moja tu na chumvi ya bahari, ukaota kutu rangi ya chai.